Punda Asiye na Moyo Wala Masikio: Jinsi Hadithi za Bibi Zilivyowafundisha Watoto Kutambua Tatizo na Kutafuta Ufumbuzi



Siku hizi watoto wanarudi kutoka skuli na kazi za nyumbani zinazowashangaza mama wengi. Zamani mtoto aliambiwa soma hadithi, jibu maswali, basi. Sasa anaulizwa: tatizo katika hadithi hii ni lipi? Ni la nani? Lilitatuliwaje? Mtoto anakaa na daftari lake, kalamu mdomoni, na mama naye hajui aanzie wapi. Wateja wangu wengi wanalizungumza hili wakija kushona. Wengine wanadhani ni mtindo mpya uliotoka nje pamoja na vitabu vya rangirangi.

Dada zangu, mtindo huu si mpya hata kidogo. Una zaidi ya miaka elfu, na umepita katika nyumba zetu wenyewe, uani kwa bibi, baada ya sala ya isha. Leo nataka tufuate njia ya hadithi moja tu, tuone ilitoka wapi, ilifikaje hapa visiwani, na ilikuwa ikifundisha nini. Hadithi yenyewe ni ya kima, papa na punda wa dobi. Nimeichagua kwa sababu wengi tunaijua, na kwa sababu ndani yake mna posa. Bibi harusi anayesoma hapa atajua kwa nini nasema hivyo.

Hadithi yenyewe

Kwa wale walioisahau, naikumbusha kwa ufupi.

Kima alikuwa akiishi juu ya mkuyu ulioota ukingoni mwa bahari. Kila akila makuyu, alimrushia papa aliyekuwa majini. Wakawa marafiki. Siku moja papa akamwambia, umenifadhili sana, twende kwetu nami nikukirimu. Kima akakubali, akapanda mgongoni, wakaenda. Walipofika katikati ya safari, maji pande zote, papa akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Kima hakupiga kelele. Alifikiri. Akamwambia papa, mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukisafiri tunaiacha mioyo yetu juu ya mti. Nirudishe nikauchukue. Papa akageuka. Walipofika pwani kima akaruka mtini, akanyamaza kimya. Papa akaita, akaita tena. Mwisho kima akamjibu: nenda zako, unadhani mimi ni punda wa dobi?

Papa akauliza, punda wa dobi ni nani? Ndipo kima akamsimulia hadithi ya pili.

Dobi alikuwa na punda wake, punda akatoroka akaenda mwituni, akanenepa. Simba alikuwa mgonjwa, hana nguvu za kuwinda. Sungura akamwendea punda akamwambia, nimetumwa nije nikupose. Nani ananiposa? Simba. Punda akafurahi sana akakubali, akafuatana naye. Alipofika, simba akamrukia, lakini kwa udhaifu wake hakumuweza. Punda akapiga mateke akakimbia na majeraha yake. Baada ya muda sungura akarudi tena, akamtuliza kwa maneno matamu, kwamba simba hakukusudia ubaya, ndivyo alivyo. Punda akaenda mara ya pili, na mara hiyo hakurudi.

Simba akamwambia sungura aichome nyama na amuwekee moyo na masikio. Sungura akavila yeye. Simba alipouliza viko wapi, sungura akajibu: mnyama huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angekuja mara ya pili?

Kima alipomaliza akamwambia papa, na wewe ulitaka kunifanya mimi hivyo. Urafiki wao ukaishia hapo.

Ilikotoka

Hadithi hii haikuzaliwa visiwani. Imo katika kitabu cha kale cha Kihindi kiitwacho Panchatantra, kilichoandikwa kwa Kisanskriti. Kitabu hicho kinaanza na mfalme mwenye wana watatu wasiopenda elimu. Mfalme anamkabidhi watoto wake mwalimu aitwaye Vishnusharma, naye anaahidi kuwafundisha akili ya maisha kwa miezi 6, kwa kutumia hadithi za wanyama. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa hadithi hizi zilitungwa kwa kazi hiyo: mtoto aone mnyama mwenye shida, aone alivyotoka au alivyoshindwa kutoka, ajifunze.

Katika karne ya 6, tabibu mmoja wa Kiajemi aitwaye Burzoy, wakati wa mfalme Khosrow Anushirvan, alizifasiri hadithi hizo kwa Kiajemi cha wakati ule. Karne mbili baadaye, katika karne ya 8, Ibn al-Muqaffa, mwandishi mwenye asili ya Kiajemi aliyeishi Basra, akazitia katika Kiarabu. Kitabu chake kinaitwa Kalila wa Dimna. Wengi waliosoma Kiarabu wanakijua mpaka leo.

Kutoka Basra na nchi za Ghuba mpaka kwetu, njia inajulikana. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Yakaja na tende, vyombo vya udongo, mazulia, vitambaa. Watu waliokuja nayo walikaa miezi wakingoja upepo ugeuke, wakaoa, wakazaa, wakazungumza barazani usiku. Hadithi hazilipiwi ushuru wala hazichukui nafasi katika ngama. Zilishuka pamoja na watu. Hata neno dobi lenyewe ni la Kihindi, nasi tunalitumia kama letu.

Kilichobadilika na kilichobaki

Hapa ndipo pananipendeza zaidi, kwa sababu panaonyesha kuwa bibi zetu hawakuwa wakiimba kasuku tu.

Katika Panchatantra anayembeba kima ni mamba, na anayetaka moyo ni mke wa mamba. Katika Kalila wa Dimna ni kobe, na mkewe anajifanya mgonjwa. Ilipofika pwani yetu mnyama akawa papa, maana ndiye tunayemjua na kumuogopa, na mgonjwa akawa sultani, maana kwetu alikuwapo sultani. Katika kitabu cha Kiarabu anayemdanganya punda ni mbweha, kwetu ni sungura. Kule punda anavutwa kwa kuambiwa kuna malisho mazuri na punda jike anayemngoja. Kwetu anavutwa kwa posa, na mposaji ndiye simba mwenyewe.

Lakini shida yenyewe haikubadilika. Kutoka India mpaka Basra mpaka Unguja, shida ni ileile: anayekuita kwa maneno matamu anataka nini hasa? Na ufumbuzi ni uleule: kima aliisikia shida, akaipima, akatafuta njia ya kutoka kwa vile alivyonavyo, yaani ulimi na akili. Punda alipata dalili zote, hata majeraha mwilini, na bado hakujiuliza.

Ndiyo maana hadithi mbili zimewekwa pamoja, moja ndani ya nyingine. Mtoto anapewa wawili walioalikwa kwa uongo. Mmoja ametambua tatizo kabla halijamuua, mwingine ameliona kwa macho yake na hakulitambua. Halafu anaachiwa swali la sungura: angekuwa na moyo na masikio, angekuja mara ya pili?

Jozi hailiwi na ganda lake

Katika Kalila wa Dimna kila mlango unaanza kwa namna moja. Mfalme anamtaka mwanafalsafa wake ampigie mfano wa jambo fulani. Katika mlango wa kima na kobe, mfalme anataka mfano wa mtu anayetafuta kitu kwa bidii, akishakipata anakipoteza. Kwa hiyo tatizo linatajwa kwanza, hadithi inafuata. Msikilizaji anaingia akijua anatafuta nini.

Na hapo pana jambo la kushangaza. Kwa mujibu wa swali la mfalme, mwenye tatizo si kima, ni kobe! Yeye ndiye aliyepata alichokitaka, moyo wa kima, akiwa nao mgongoni kwake, akaupoteza kwa kusema mapema. Sisi tukisimulia tunamfuata kima. Mfalme alimfuata kobe. Hadithi moja, matatizo mawili, inategemea umesimama upande wa nani. Mtoto akilijua hilo tu, amejifunza jambo kubwa litakalomfaa hata kwenye ugomvi na ndugu zake.

Ibn al-Muqaffa aliliona hili mapema. Katika utangulizi wake anawaonya wasomaji wasiishie kwenye maneno ya juu. Anasema, kwa maana yake, kwamba anayesoma bila kuelewa ni kama mtu aliyepewa jozi nzima: hafaidiki nayo mpaka aivunje. Zaidi ya miaka 1,200 imepita, na hiyo ndiyo kazi ambayo mwalimu wa darasa la tatu anamtaka mtoto wako aifanye leo jioni.

Na sisi Waislamu tusishangae. Qur'ani inatusimulia visa ili wenye akili wapate mazingatio, na hayo ndiyo yanayotajwa mwishoni mwa Sura Yusuf. Katika sura hiyohiyo mfalme anaota ng'ombe saba walionona wakiliwa na saba waliokonda. Wakubwa wake wanaona ni ndoto za ovyo. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, anaitambua shida iliyomo, kwamba itakuja miaka saba ya njaa. Lakini haishii hapo, anatoa na ufumbuzi: limeni miaka saba ya neema, mavuno yaacheni katika mashuke yake, kuleni kidogo. Kuna waliosikia ndoto, na kuna aliyesikia tatizo.

Na katika Sura An-Naml, aya ya 18, mdudu chungu anaona majeshi ya Nabii Suleiman yanakuja. Anawaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakakanyagwa na watu wasiojua kuwa wanawakanyaga. Katika aya moja tu mna hatari, sababu yake, na njia ya kuokoka. Hata mtoto wa miaka minne anaweza kukuonyesha yote matatu.

Bibi alifanyaje

Bibi zetu wengi hawakukaa darasani. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana hapa Unguja ilifunguliwa mwaka 1927. Kabla ya hapo msichana alisoma chuoni Qur'ani yake, na mengine aliyapata nyumbani kwa mama na bibi. Hadithi zilikuwa sehemu ya hayo mengine.

Bibi alianza kwa kuita paukwa, watoto wakaitika pakawa. Mwito ule si wa mapambo. Unamtaka mtoto aitikie, aonyeshe kuwa yuko macho na yumo ndani ya hadithi. Na katikati ya hadithi bibi alijua kukatisha. Kima amefika katikati ya bahari, papa amemwambia kuhusu moyo, bibi ananyamaza anatafuna tambuu. Watoto wanapiga kelele: ikawaje? Anawauliza: nyinyi mngefanyaje? Mmoja anasema angeruka majini. Bibi anamuuliza, unajua kuogelea mpaka pwani? Mwingine anasema angempiga papa. Kwa fimbo gani? Hivyo kila mtoto anatoa ufumbuzi wake na unapimwa. Kima anapotoa wake, watoto wanauona uzuri wake kwa sababu wao wenyewe wameshindwa.

Hakukuwa na jina la somo. Lakini tatizo lilitambuliwa, njia zikapendekezwa, zikapimwa, bora ikachaguliwa.

Hadithi zinaingia kitabuni

Mwaka 1864 alifika Unguja mmishonari Mwingereza, Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu. Alitaka kujifunza Kiswahili vizuri kwa kazi yake, na alijua kuwa lugha safi imo katika hadithi za watu. Akakaa na wasimulizi wa hapa, wakamsimulia, zikaandikwa. Mwaka 1870 kikatoka London kitabu cha hadithi za Unguja, ukurasa mmoja Kiswahili, unaoelekeana nao Kiingereza. Hadithi ya punda wa dobi imo. Imo pia ya Sultani Darai, na ya mwalimu Goso. Mwaka 1901 George Bateman akachapisha hadithi za Unguja kwa Kiingereza huko Chicago, na humo tena wamo kima, papa na punda.

Lazima tuseme ukweli, vitabu hivyo vimetuhifadhia mengi. Bila ya wino, hadithi nyingi zingekwenda na waliozisimulia. Lakini karatasi haiwezi kukatisha katikati na kumuuliza mtoto angefanyaje. Inakwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Na hadithi zilipoingia darasani, mara nyingi zilipewa mkia: funzo la hadithi hii ni kadha wa kadha. Mtoto analikariri funzo, anaandika katika mtihani, anapata alama. Ukimuuliza kima alikuwa na shida gani, anakwambia tusiamini marafiki wabaya. Hilo ni jibu, lakini si la swali uliloliuliza.

Kwa hiyo walimu wanaporudisha swali la tatizo na ufumbuzi, kwa maoni yangu wanarudisha kile alichokuwa akikifanya bibi. Tuwasaidie.

Goso na wanafunzi wake

Hadithi ya Goso ni nzuri mno kwa kazi hii, na ningependa kila mama aijue, kwa sababu wanaotafuta ufumbuzi humo ni watoto.

Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda juu kuiba mabuyu, buyu likaanguka likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika, wakasema tumtafute aliyemuua. Wakafikiri: buyu liliangushwa na upepo wa kusi. Wakaukamata upepo wakaupiga. Upepo ukasema, ningekuwa na nguvu hivyo, ningezuiwa na ukuta? Wakaenda kwa ukuta. Ukuta ukasema, ningekuwa na nguvu, ningetobolewa na panya? Panya akamtaja paka anayemla, paka akaitaja kamba inayomfunga, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe anayeyanywa, ng'ombe akamtaja mdudu anayemsumbua, na mdudu akamtaja paa. Walipofika kwa paa, paa akakosa la kusema. Wakamuua.

Watoto wanacheka sana wakisikia mlolongo huu. Waache wacheke, halafu waulize: hawa wanafunzi tatizo lao lilikuwa nini? Kumpata aliyeangusha buyu. Je, walikuwa wakiuliza swali hilo? Hapana! Wao waliuliza nani ana nguvu zaidi ya nani. Ukuta una nguvu kuliko upepo, sawa, lakini ukuta utapandaje mbuyu? Walimpata mwenyewe mwishoni, lakini ni kwa bahati, wakiwa wameshawapiga wengi wasio na hatia.

Hapo mtoto anajifunza kuwa kuna kupata jibu, na kuna kuuliza swali sahihi. Mangapi majumbani mwetu yanaharibika hivyo? Sahani imevunjika, mkubwa anapigwa kwa sababu ni mkubwa, mdogo analia kwa sababu ni mdogo, na paka aliyeiangusha amelala juu ya mkeka.

Kipaji hiki cha kutafuta kwa utaratibu hakikuishia kwenye ngano. Mwandishi wetu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alituletea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, katika kitabu Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa 1960. Bwana Msa naye kazi yake ni hiyohiyo: watu wote wanasema mzimu, yeye anauliza nani, lini na kwa nini. Wasichana wakubwa kidogo wapeni wakisome.

Ufumbuzi unaozaa shida nyingine

Skuli mtoto anafundishwa tatizo, ufumbuzi, mwisho. Hadithi za kwetu zinakwenda hatua moja mbele. Mtazame Sultani Darai.

Maskini mmoja anapekua jaa kutafuta punje za mtama. Anaokota thumni, ananunua paa. Paa yule ana akili na anasema. Anampelekea sultani almasi kwa niaba ya bwana wake, anamposea binti wa sultani, anamuua nyoka mkubwa, anampatia bwana wake nyumba iliyojaa mali. Shida ya ufukara imekwisha. Ukimuuliza mtoto hapo atakwambia hadithi imekwisha.

Haijesha. Paa anaugua. Bwana wake, ambaye kila alichonacho kimetokana na paa, anaamuru apewe uji duni na anakataa hata kwenda kumuangalia. Mke anamsihi, hasikii. Paa anafariki, anatupwa kisimani. Na mwisho mwenyewe anajikuta yuko palepale juu ya jaa, anapekua.

Mwanzo shida ilikuwa njaa. Mwisho shida ilikuwa kusahau. Ya kwanza paa aliitatua. Ya pili hakuna aliyeweza kuitatua isipokuwa yule bwana mwenyewe, naye hakutaka kujua kuwa ipo. Mabibi harusi, kaeni na hadithi hii mkiwa na wachumba wenu.

Tufanyeje nyumbani

Huhitaji vitabu vya gharama. Hadithi unayoijua inatosha, na dakika kumi kabla ya kulala. Kwa mtoto mdogo wa miaka mitatu au minne, uliza mawili tu: nani ana shida? Alifanya nini? Tumia hadithi fupi, kama ya mdudu chungu. Mtoto wa miaka sita na kuendelea anaweza kuulizwa haya, moja moja, si yote kwa usiku mmoja:

Moja, nani ana tatizo, na tatizo lenyewe ni nini? Alitaje kwa maneno yake, kwa sentensi moja.

Pili, lilianzaje? Je, kulikuwa na dalili ambayo mwenyewe hakuiona? Punda alikuwa na majeraha. Hiyo ni dalili.

Tatu, alijaribu nini, na wewe ungejaribu nini? Hapa simama kabla ya kumaliza hadithi. Usimcheke kwa jibu lake. Muulize tu kama lingewezekana.

Nne, ufumbuzi ulimsaidia nani, na ulimuumiza nani? Je, ulizaa shida mpya?

Tano, ukisimama upande wa mwengine katika hadithi, tatizo linakuwa lipi? Papa alitumwa dawa ya sultani wake. Je, yeye hakuwa na shida?

Na usiharakishe kutoa funzo. Fundi hashiki mkasi kabla ya kumuuliza mwenye nguo inambana wapi. Anayekata kwanza, kitambaa cha watu kimekwenda. Mtoto naye mwache aseme inapobana.

Kwa nini haya si mchezo

Naandika haya kwa sababu watoto wetu, wa kike na wa kiume, wanaitwa kila siku kwa maneno matamu. Papa wa leo hayuko baharini tu. Yuko mtaani na peremende, yuko ndani ya simu. Anaanza kwa urafiki, anakula makuyu nawe miezi, halafu siku moja anasema twende kwetu. Mtoto aliyezoea kuuliza huyu anataka nini hasa, anaweza kusimama kabla ya kupanda mgongoni. Na akishapanda, anaweza kujua kuwa bado ana ulimi na akili, na kwamba kurudi pwani kunawezekana. Na mtoto aliyezoea kukueleza tatizo la kima bila ya kukaripiwa, atathubutu kukueleza na la kwake. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko alama za skuli.

Na nyinyi mabibi harusi, mkiposwa, furahini, posa ni heri na ndoa ni sunna. Lakini ulizeni, na walii wenu waulize. Anayekuposa ni nani, amemtuma nani, anataka nini? Sheria yetu haijaweka ridhaa ya mwanamke na istikhara bure. Punda hakulaumiwa kwa kwenda mara ya kwanza. Sungura alimcheka kwa ile ya pili, alipokuwa ameshaumizwa na akaambiwa ndivyo mwenzio alivyo.

Usiku wa leo, watoto wakishaswali na kula, mwite bibi yao kama yupo. Kama hayupo, keti wewe. Iite paukwa, wakuitikie. Anza na kima juu ya mkuyu, na ukifika katikati ya bahari, nyamaza kidogo, uwasikilize.

Allah atujaalie watoto wenye mioyo inayofahamu na masikio yanayosikia. Amin. Wabillahi tawfiq.